Firigisi za Mzee Sadallah

Sehemu ya saba

Msomaji mmoja wa Ukonga, hakusema yuko upande gani wa ukuta wa gereza, kaniandikia barua. Anasema bibi mzima kama mie ningetubu kwanza ndipo nikaandika gazetini. Baba, nitubu vipi na dhambi yenyewe bado sijaifikia? Ndiyo ya leo. Mwenye moyo mwepesi na afungue ukurasa wa mpira.

Kwa aliyefungiwa kashata na gazeti la wiki iliyopita: mie ni Mauwa. Mwaka wa hamsini na moja, Mwingereza bado katukalia, nilirudi kwetu Temeke kutoka Nairobi na mume wangu Audax, mtu wa Bukoba, Mkristo, mpishi wa Wazungu. Tulioana bomani, maana msikitini na kanisani walitukataa kwa adabu ileile. Tukaanza kuuza chakula. Maandazi yetu ya Kinondoni yaliuawa na bwana afya. Samaki wetu wa Tandale waliuawa na jua. Tukafungua hoteli ya kuku Temeke, mlangoni kwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa hajamwitikia Audax salamu hata moja tangu tufike. Lakini alitupa chumba cha upande wa barabarani chenye ua wake, na kwa chumba hicho alitoa sharti moja.

"Nitakula chungu chenu," aliniambia. "Ila kuku achinjwe na Mwislamu. Siku utakayonilisha kibudu, Mauwa, mie sina mtoto."

Nikamtafuta Mzee Sadallah. Mzee wa mtaa, meno manne, kisu kimoja. Alikuwa akija baada ya sala ya alfajiri, anachinja kuku wetu sita, saba, anakwenda zake. Malipo hakutaka.

"Kuchinja ni thawabu, binti yangu," alisema. "Ila ukiniwekea firigisi, sitakataa."

Meno manne na firigisi! Nikajua kuna bibi mahali anampelekea. Haikunihusu. Kila siku alingoja ninyonyoe na kupasua, Audax bado kalala, nikamfungia firigisi zote kwenye jani la mgomba, akatia mfukoni, tukaagana. Audax nilimwambia tu kuwa mzee anachinja kwa thawabu. Ya firigisi sikumwambia. Ni kitu cha kumwambia mtu? Nairobi tulikuwa tunakula makombo ya memsahibu, na memsahibu firigisi alimpa mbwa.

Miezi mitatu ikapita. Hoteli ikajaa. Watu waliuliza mlangoni, "Nani kachinja?" nikajibu, "Mzee Sadallah," wakakaa. Jina lake ndilo lililokuwa chumvi ya chakula chetu.

Sasa siku moja mchana akaingia Albano, fundi wa kuchonga vinyago, Mmakonde mwenye ulimi usio na mlango. Akala, akajilamba, akamwita mume wangu.

"Shemeji Audax, nikuulize. Kwa nini Mzee Sadallah ananenepa, wewe unakonda?"

"Kwa nini?"

"Firigisi za nyumba hii zote anakula yeye. Wewe unakula nini? Kucha?"

Hoteli nzima ikacheka. Mie pia nilicheka. Audax hakucheka. Aliweka upawa chini polepole, akanivuta hadi uani.

"Ni kweli?"

"Nini?"

"Firigisi."

"Ni ujira wake, Audax. Mzee kaomba, nimempa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Uso wake ukawa rangi ya majivu. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku bwana afya alipomwaga maandazi yetu mtaroni.

"Kwetu," alisema, "mwanamke kuku hamtii mdomoni. Firigisi anaikaanga, anaifunika, anapiga goti, anampa mumewe. Akimpa mwanamume mwingine, amekwisha kumwonyesha kitanda."

Wasomaji wangu, hapo palihitaji mwanamke mwenye busara. Nilikuwepo mie.

"Mzee Sadallah umwonyeshe kitanda?" nikasema. "Mbona atalala usingizi tu, masikini!"

Nikacheka hadi nikashika ukuta. Niliposimama, Audax hakuwepo mbele yangu tena. Usiku ule alilala kaelekea ukutani. Nikajiambia, kesho atasahau. Mwanamume akinuna hunenepa, nikajiambia. Uongo mtupu. Mwanamume akinuna hufanya kazi.

Kesho yake ilikuwa arobaini ya marehemu mume wa Bi Siwatu, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Bi Siwatu alitaka pilau ya kuku, na pilau hiyo aipike Audax, maana sifa zake zilikuwa zimefika Mbagala. Ndugu wa marehemu wakaleta majogoo ishirini kwenye matenga. Hawakuwa kuku wetu, muelewe. Walikuwa kuku wa mjane. Aliniambia mwenyewe, "Mauwa, hii ndiyo sadaka yangu ya mwisho kwa mume wangu. Msiniaibishe."

Alfajiri nikaenda bombani. Msururu wa ndoo ulikuwa mrefu kuliko treni ya bara. Nikatoka hapo nikapita sokoni kutafuta bizari nzima na mdalasini. Niliporudi jua limeshawaka, na Audax amekaa uani kwenye kigoda, manyoya yamemfika magotini. Majogoo yote ishirini yamekwisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, yamelala kwenye karai kama watoto waliooga.

"Mzee Sadallah kaja?" nikauliza.

"Kaja. Kaenda."

Nikafurahi. Nikasema kumbe amepoa. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingiza mkono kwenye karai nimtoe wa kwanza nimkatekate.

Shingo yake ilikuwa nzima.

Nikamgeuza. Haina jeraha. Ila ilikuwa imesokotwa, kama unavyosokota nguo ya kufulia kuikamua maji. Kichwa kinatazama mgongoni. Jicho wazi.

Nikatoa wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wote wananitazama kwa nyuma.

"Audax. Umefanya nini?"

"Nimeua kuku."

"Umewanyonga!"

"Memsahibu wa Nairobi alikuwa anataka hivyo hivyo, na gavana alikula mezani kwake. Huyo Sadallah wako nimemwambia aende akachinje kwake na firigisi akaombe kwa mkewe. Katika nyumba yangu kuku naua mie."

"Hiki ni kibudu! Watu wanakuja kusoma hitima, Audax, kusoma hitima! Shehe anakuja! Mama yangu anakuja!"

"Basi nenda kawaambie," akasema, huku anajitoa manyoya mkononi, moja moja. "Waambie mumeo kakataa kuwa mume wa pili. Na mie kesho narudi Bukoba. Chagua."

Nilimtazama mtu yule. Jasho na manyoya madogo meupe yamemganda shingoni, harufu ya kuku waliolowa imemtoka mpaka mdomoni, na chini yake firigisi ishirini kazipanga kwenye sahani safi, moja moja, zinang'aa. Zake. Nimemfuata mtu huyu Nairobi nzima, nikapigana na mama kwa ajili yake, na kumbe chini ya yote kulikuwa na sahani ya firigisi!

Hapo mlangoni nikasikia, "Hodi humu!"

Mama. Amekuja na kisu chake, kusaidia kukatakata nyama kama ilivyo desturi kwenye shughuli.

Wasomaji, kuna watu husema shetani aliwashika mkono. Mie hakunishika mtu. Niliita, "Karibu mama, pitia kwanza kwa Bi Siwatu utuazimie masinia!" Nikamsikia anageuka. Nikachukua kisu.

Nikakata shingo za kuku waliokwisha kufa. Zote ishirini.

Kuku aliyenyongwa hatoi damu. Inamganda ndani. Kila nikikata, kinatoka kitu cheusi, kizito, kama uji wa mtama uliolala, kinaning'inia kwenye kisu hakitaki kudondoka. Nikikung'uta, kinanirukia. Wa saba nilitapika, hapo hapo pembeni ya karai, nikafunika na manyoya, nikaendelea. Audax ananiangalia, na nadhani hata yeye alianza kuona kinyaa, maana aliondoka na sahani yake.

Na la kuchukiza kuliko yote ni hili, na ndilo lililonifanya nisitubu miaka yote hii kwa aibu ya kulitamka: kila shingo niliyokata, nilisema "Bismillahi". Ulimi ulikuwa umezoea. Nilimtajia Mungu mizoga ishirini.

Mama akarudi na masinia. Akakaa, akachukua jogoo, akamkata. Akasimamisha kisu.

"Kuku gani huyu? Damu yote imebaki humu, nyama kama ini."

"Mzee Sadallah leo kisu chake kilikuwa butu, mama."

Akamtazama tena yule kuku, akanitazama mie. Akaosha nyama maji matatu, na mama yangu hakuwahi kuosha nyama maji matatu.

Nyie mnaonicheka, niambieni mngefanyaje. Nilipika. Nilitia vitunguu maradufu, bizari, karafuu, mdalasini, iliki, vitunguu swaumu vya kutosha kufukuza jini. Pilau ikanukia hadi barabarani. Watu wanapita wanasema mashallah. Mie nilikuwa nimeziba pua kwa ncha ya kanga, nikisingizia moshi.

Masufuria yakabebwa hadi kwa Bi Siwatu, na baada ya adhuhuri watu wakafika. Majamvi yalitandikwa uani kwa Bi Siwatu, wanaume mbele, wanawake nyuma ya ua wa makuti karibu na masufuria. Hitima ikasomwa. Bi Siwatu analia kwa sauti ndogo. Kila "amina" ilinigonga kama jiwe.

Nikafanya mpango. Kabla masinia hayajatoka, nitajikwaa. Nitamwaga sufuria lote, nitaungua mguu, watu watanionea huruma, itakuwa ajali. Ulikuwa mpango mzuri. Ubaya wake, masufuria yalikuwa mawili, na mie mguu mmoja tu niliokuwa tayari kuuunguza.

Nikiwa bado napima, wapakuaji wameshapakua. Masinia yamekwenda. Nikageuka: mama, kwa kuwa alikuwa jikoni tangu asubuhi, wanawake wamempa sahani yake kwanza, amekaa kwenye mkeka, ameshakula nusu ya paja.

Mama yangu. Kibudu.

Na kule mbele pakawa kimya. Kimya cha watu ambao chakula kiko mbele yao na hawali. Nikachungulia kwenye makuti.

Wanaume wamezunguka masinia, mikono imeoshwa, na hakuna anayegusa. Wote wanamtazama Mzee Sadallah, aliyekaa karibu na shehe. Mtaa mdogo, wasomaji. Alfajiri ile watu waliotoka msikitini walimwona akifukuzwa mlangoni kwangu na kisu chake mkononi.

Mzee Sadallah akainuka. Akaja nyuma ya ua, polepole, akasimama mbele yangu. Hakukasirika. Angekasirika ningemjibu.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mie leo sikuchinja kwako. Mumeo alikuwa na lake, nimemsamehe. Lakini wale pale wananingoja. Huenda alikuja Mwislamu mwingine baada yangu. Nitajie jina tu, nikale."

Alikuwa ananifungulia mlango, mzee yule. Jina moja tu. Nikamtafuta mtu wa kumtaja. Kila Mwislamu wa mtaa alikuwa amekaa pale kwenye jamvi.

"Mie," nikasema. "Nimechinja mie, Mzee."

"Wewe?"

"Mie. Mwislamu si mwanamume tu."

Akafikiri, anatafuna hewa kwa yale meno yake manne.

"Ulitaja jina la Mungu?"

"Nilitaja."

Na hapo sikusema uongo. Ndiyo maana nasema ilikuwa mbaya kuliko uongo.

"Basi inafaa," akasema. Uso wake ukafunguka kwa furaha, masikini ya Mungu, akanipiga piga begani. "Umenitoa kwenye mtihani, mwanangu. Mungu akulipe."

Akarudi mbele, akainua sauti mtaa mzima usikie.

"Kuleni, jamaa! Mie sikuwahi, lakini kachinja binti yetu Mauwa kwa mkono wake, na jina la Mungu kalitaja!"

Minong'ono ikapita. "Mwanamke?" mmoja akauliza. Shehe akasema, "Inafaa, inafaa kabisa, bismillahi." Mikono ikashuka kwenye masinia. Bi Siwatu akafuta machozi akatabasamu. Nikashusha pumzi nikasema, Mungu atanihukumu baadaye, leo nimepona.

Nilikuwa nimemsahau mtu mmoja.

Audax alikuwa mlangoni mwa ua, kavaa aproni yake nyeupe ya Nairobi, kabeba sinia la mwisho. Amesikia kila kitu. Na nyie mlioolewa Bukoba mtanielewa kabla sijamaliza: jana kajua nampa mwanamume mwingine firigisi, na leo imetangazwa mbele ya wanaume wote wa Temeke kwamba katika nyumba yake anayechinja kuku ni mke. Kwao hilo hufanywa na mjane.

Nikamkonyeza. Nikatikisa kichwa. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikamwomba kwa macho, Audax, baba, nyamaza.

Akaweka sinia chini.

"Nani kasema mke wangu kachinja?"

Shehe akainua macho. "Karibu, bwana mpishi. Tunakushukuru."

"Mke wangu hajachinja kuku. Mie siyo maiti." Akainua mikono yake yote miwili, vidole vimetanuka, wote wakaiona. "Kuku hawa nimewaua mie. Wote. Kwa mikono hii. Kisu sikushika."

Nilisikia tonge moja likidondoka kwenye sinia. Kisha mengi. Mtu mmoja akakimbilia ukutani, tukamsikia anatapika. Mzee Sadallah alikuwa amebaki mdomo wazi, mchele kwenye ndevu, anamtazama Audax, kisha ananitafuta mie kwa macho kwenye matundu ya makuti. Bi Siwatu aliinuka nusu akakaa tena, kama aliyevunjwa mguu.

"Mwongo!" Albano alipiga kelele kutoka nyuma. Yeye hakuwa na dini ya kuvunja, alikuwa ameshamaliza bawa la pili. "Wivu tu huo! Firigisi zinamsumbua! Mauwa, mwambie mumeo aache wivu, watu wale!"

Watu wakaanza kugeuka upande wangu. Wengi walitaka iwe hivyo. Walitaka uwe wivu. Neno langu moja tu, na pilau ingeliwa, mjane angehifadhiwa, na Audax angeondoka Temeke mwongo na kichekesho. Neno lile jingine, na vijana wa marehemu walikuwa wameshakunja mikono ya kanzu, wanamwangalia mume wangu kama wanavyoangalia mbwa aliyelamba chungu.

Nikasikia mkeka unalia nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama. Hakutema, hakutapika, hakupiga yowe. Alikuja hadi mbele yangu, mkono wake wa kulia bado una mafuta, kauinua mbali na nguo yake kama mkono wa mtu mwingine.

"Asubuhi uliniambia kachinja Sadallah," alisema. "Sasa hivi nimesikia umechinja wewe. Huyu mtu wako anasema kaua yeye. Kuku hafi mara tatu, Mauwa."

Akausogeza ule mkono wa mafuta hadi karibu na uso wangu.

"Nimeshameza," mama akasema. "Niambie nimemeza nini."